Saini ya Dereva wa Rali Hupatikana Kwenye Dakika za Kusubiri

Mtu anayerudi Unguja kutoka Safari Rally, rali ya Kenya, bila saini hata moja, mara nyingi alisimama pale palipojaa watu kuliko pote: mbele ya jukwaa la kuanzia, au kwenye kona ya mkondo, kipande cha njia ambacho mwendo hupimwa kwa saa, ambako gari hupita mara moja na kuacha vumbi. Pale dereva yuko kazini. Saini hutolewa na dereva ambaye kwa dakika hizo hana la kufanya, na rali, kwa kanuni zake zenyewe, imejaa dakika za namna hiyo. Anayezijua hasukumani na mtu.

Chanzo chake ni saa. Gari la rali haliingii kituo cha muda kwa kuwa limefika. Linaingia kwa dakika iliyoandikwa kwenye kadi yake. Likichelewa, kila dakika moja ni adhabu ya sekunde 10. Likiwahi, kila dakika moja ni adhabu ya dakika nzima. Ndiyo maana dereva na msoma ramani wake, yule anayekaa kando yake garini, hupenda kufika karibu na kituo mapema, wakaegesha kabla ya kibao cha njano kinachoonyesha kwamba eneo la kituo linaanza, wakashuka, wakasubiri dakika yao. Utawaona wanakunywa maji, wanapapasa tairi, wanaongea na wenzao wa gari la mbele. Wakati mwingine ni dakika tatu, wakati mwingine hufika kumi. Hapo, nyuma ya kibao cha njano, ndipo pa kusimama na kalamu yako. Wakishakipita kibao chekundu, kilichoko kituoni penyewe, hakuna tena mazungumzo na mtu.

Hata hapo, tazama kabla hujasogea. Boneti ikiwa wazi, au dereva ameshika gundi ya karatasi na spana, muache. Njiani hakuna fundi anayeruhusiwa kuligusa gari, wao wawili ndio mafundi, na dakika zile huwa ndizo za kuokoa siku nzima. Msoma ramani ndiye mwenye saa. Akianza kuitazama mara kwa mara na kuchukua helmeti, rudi nyuma hata kama umebakisha hatua mbili. Wanaomfuata dereva mpaka mlangoni mwa gari huwaharibia walio nyuma yao, kwa sababu kwenye kituo kinachofuata ataegesha mbali na watu.

Kituo kikuu cha huduma cha Safari Rally, ambako mafundi wa timu hutengeneza magari, tangu ilipoingia tena kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, kimekuwa Naivasha, kwenye viwanja vya taasisi ya utafiti na mafunzo ya wanyamapori. Kila timu ina hema lake na kamba mbele yake. Huduma ya mchana huwa kiasi cha dakika 40, ya jioni kiasi cha 45, na tofauti kati ya hizo mbili ni kubwa kuliko dakika zenyewe. Mchana dereva hukaa na wahandisi, hula haraka, hubadilisha glavu, kisha lazima aondoke na gari. Jioni gari hubaki kwa mafundi. Yeye akishasema na wanahabari na kumweleza mhandisi wake matatizo ya siku, kazi yake imekwisha. Anatoka hemani kwenda kula au kuoga, na njia yake inapita kando ya kamba. Kama nafasi yako ni moja tu kwa siku, chagua jioni. Usisimame katikati ya kamba mbele ya gari, ambako kila mtu anapiga picha za mafundi. Simama pembeni, upande ule wanakotokea watu wa timu wakiwa na sahani na vikombe. Dereva hutokea hukohuko.

Siku ya majaribio kabla ya mashindano ni bora zaidi, na watu wa kwetu wengi huikosa kwa sababu hupanga kufika Ijumaa. Siku ile magari hurudia kipande kifupi cha njia mara kadhaa, muda wake hauingii kwenye matokeo, na dereva kati ya raundi moja na nyingine hukaa tu. Hasira ya kupoteza bado haijawapata. Kabla ya hapo kuna siku za kukagua njia, wanapopita mikondo kwa magari ya kawaida wakiandika maelezo yao. Ukimkuta dereva kituo cha mafuta au dukani wakati huo, muombe kwa utaratibu. Kumfuata kwa gari au bodaboda njiani hakufai kabisa, maana barabara ile bado ina watoto, ng'ombe na magari ya watu.

Zipo pia saa rasmi za kutia saini, ambapo madereva hukalishwa mezani na foleni hupita. Timu hugawa kadi zilizochapishwa zenye picha ya gari, na dereva husaini palepale. Hizo ni za uhakika kwa mwenye mtoto au asiyeweza kusimama muda mrefu. Ila foleni hufungwa muda ukifika, si watu wakiisha, kwa hiyo fika angalau nusu saa kabla. Mezani hakuna nafasi ya kuomba mara mbili wala kuchagua pa kusaini. Kalamu ni yao na kasi ni yao.

Halafu kuna wakati wa kutomwomba mtu chochote. Mwaka 2021 Thierry Neuville aliongoza mpaka asubuhi ya siku ya mwisho, gari likavunjika, na ushindi ukaenda kwa Sébastien Ogier. Dereva aliyetoka kwenye mkasa kama ule, ukimuona amesimama peke yake, usidhani umebahatika. Mpe mkono kama anautaka, mwambie pole, upite. Kesho yake au mwakani bado ni dereva yuleyule, na madereva hukumbuka sura.

Ratiba huchapishwa kwa saa za tarakimu 24, na Kenya na Zanzibar saa ni moja, kwa hiyo 13:05 ni saa saba na dakika tano mchana. Ni jambo dogo, lakini kwenye simu, mtu anapomwambia mwenzake “saa moja kituoni”, mmoja huenda asubuhi na mwengine huenda mchana. Iandike ratiba yote upya kwa mkono kwa saa zetu kabla hujapanda boti. Kando ya kila muda wa gari la kwanza, ongeza dakika za gari unalolitaka: magari ya mbele hutenganishwa kwa dakika kadhaa, na orodha ya kuanza hubadilika kila siku.

Safari yenyewe nitaipitia haraka. Wa Unguja huvuka kwenda Dar es Salaam kiasi cha saa mbili kwa boti, kisha basi la Nairobi kupitia Namanga. Wa Pemba aulize kwanza meli ya Tanga, maana kutoka Tanga unakwenda Horohoro, unavuka Lunga Lunga, unafika Mombasa, na treni ya SGR inakupeleka Nairobi. Nairobi hadi Naivasha ni kiasi cha kilomita 90. Chukua pasipoti na kadi ya homa ya manjano. Naivasha iko juu, karibu mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, na usiku ni baridi ya kweli kwa mtu aliyezoea joto la pwani. Sweta moja halitoshi. Mwaka 2024 na 2025 rali ilifanyika Machi, ndani ya Ramadhani, na huduma ya jioni inaweza kugongana na futari. Aliyefunga aweke tende na maji kwenye mkoba wake mwenyewe, asitegemee kupata karibu na kamba, na mwezi huo pia ndipo mvua za masika huanza: njia iliyokuwa vumbi asubuhi inaweza kuwa tope jioni.

Sasa kalamu, ambayo watu huiacha mpaka dakika ya mwisho na ndiyo inayoharibu saini nyingi.

Kalamu ya kawaida ya mpira, ile ya skuli, haiandiki kwenye picha inayong'aa. Inateleza, inaruka herufi, na dereva akiikandamiza inachimba mfereji kwenye karatasi. Kwa picha tumia maka peni ya wino wa kudumu yenye ncha nyembamba, ya wastani wa milimita moja. Rangi ya bluu naipendelea kuliko nyeusi: nyeusi ikikaa juu ya picha huonekana kama imechapwa pamoja nayo, na baadaye mtu atakayeiangalia atakuwa na shaka. Kwa vitu vyeusi, kama kipande cha bodi, kofia nyeusi au picha ya usiku, unahitaji kalamu ya rangi ya fedha, ile yenye kigololo ndani. Hiyo haitumiki ikitoka tu mfukoni. Itikise nusu dakika, bonyeza ncha kwenye karatasi chakavu mpaka rangi ishuke, chora mistari miwili mitatu, ndipo umpe dereva. Ukimpa kavu atachora mkwaruzo usioonekana, atakurudishia, na ameshaondoka.

Na hapa kuna jambo linalotuhusu hasa sisi tunaotoka usawa wa bahari. Kalamu iliyofungwa Unguja ina hewa ya Unguja ndani yake. Kule juu Naivasha mgandamizo wa hewa ni pungufu kwa kama moja ya tano, kwa hiyo hewa ya ndani inasukuma wino nje mara unapofungua kifuniko. Tone zima hudondoka juu ya uso wa dereva kwenye picha. Dawa yake ni nyepesi: ukishafika, simamisha kalamu ncha ikitazama juu, ifungue taratibu, iache ipumue, ifute kwa tishu, ijaribu kwenye karatasi. Fanya hivyo kila kalamu, asubuhi, kabla hujatoka ulipolala. Chukua mbili za kila rangi. Kalamu huondoka na madereva bila nia mbaya, wanasaini wakitembea.

Picha ichapishwe studio yenye mashine ya kusafisha picha, si kwa printa ya wino ya ofisini. Wino wa printa ile huyeyuka kwa kidole chenye jasho, na hewa yetu ya chumvi inaumaliza mapema. Ukubwa wa A4 unatosha. Mkubwa zaidi hukunjika kwenye boti na basi. Chagua picha yenye sehemu tupu ya rangi nyepesi, mbingu au wingu la vumbi nyuma ya gari, na uamue kabisa dereva atasaini wapi na msoma ramani wapi. Picha nzuri iliyojaa rangi na matangazo kila pembe ni ya kutundika, haifai kwa saini. Usiku kabla ya siku yenyewe, ipake poda ya mtoto kidogo mno kwa pamba kavu, kisha uifute yote kwa kitambaa laini; poda inanyonya mafuta ya vidole na wino unashika. Weka picha kwenye ubao mgumu wenye kibanio, juu yake karatasi ya plastiki ya kuinua.

Hiyo plastiki ni kwa ajili ya vumbi. Vumbi la Naivasha ni unga, linaingia kila mahali, na likitua kwenye wino mbichi limeshaolewa nao. Funika picha mpaka dereva anyooshe mkono. Akishasaini usiifunike papo hapo, maana plastiki itavuta wino; ishike ikiwa imelala, uso ukiukinga na upepo kwa mwili wako, kwa dakika mbili kwa maka peni na kama tano kwa kalamu ya fedha. Usiipulizie kwa mdomo. Ukiwa na haraka ya saini ya pili kwenye picha hiyohiyo, mpe wa pili upande ambao mkono wake hautapita juu ya saini ya kwanza, na uangalie anaandika kwa mkono upi.

Kofia isainiwe kwenye kikingajua, kwa juu. Ndani hukutana na jasho. Fulana au kitambaa kivutwe juu ya ubao kikaze, la sivyo ncha ya kalamu inakokota nyuzi. Gari dogo la mfano liondoe kwenye sanduku na uonyeshe paa, kwa kuwa ubavuni mna michoro na saini itapotea. Vipande vya bodi vilivyovunjika, ambavyo watu huviokota kando ya njia, ni vitu vya kupendeza mno kusainiwa, lakini vina masharti. Usikiokote kabla gari la mwisho la msafara na la maofisa wa kufunga njia halijapita. Shika kwa kitambaa, nyuzi za kaboni huingia kwenye ngozi na kuzitoa ni shida. Osha tope, kausha, kisha futa pale pa saini kwa spiriti ya duka la dawa, kwa sababu pana mafuta na nta, na usipopafuta rangi ya fedha itabanduka kama ganda baada ya wiki chache.

Namna ya kuomba nayo ina ufundi wake. Kwanza jina. Elfyn Evans huitwa Elvin, kwa sababu yeye ni wa Wales na f yao husomwa v. Ogier ni Ozhie. Thierry ni Tieri. Kalle, yaani Rovanperä wa Finland, hutamkwa kwa l mbili, Kal-le. Dereva akisikia jina lake limetamkwa sawasawa katikati ya kelele, hugeuka. Akisikia “champion, champion” hageuki, ameshalizoea. Kisha kitu kimoja tu, kalamu ikiwa wazi, sehemu ya kushikia ikimwelekea yeye, ubao ukiwa kimo cha kifua chake. Sema ombi kwa maneno machache na “tafadhali” yake. Selfie ni ombi la pili, nalo ni la kufanya uchaguzi: aliye na dakika tatu na watu ishirini hatakupa vyote. Ukitaka akuandikie jina, liandike mwenyewe kwa herufi kubwa kwenye kipande cha karatasi ulichokibandika juu ya ubao. Mwanakhamis hataandikika na mtu wa Finland aliyesimama kwa mguu mmoja, Salma ataandikika. Kuandikiwa jina kunapunguza bei ya kitu sokoni, na ndiyo sababu madereva hulifanya kwa furaha: wanajua hicho hakiuzwi.

Mlinzi wa kamba muulize kabla. “Afande, hapa tunaruhusiwa kusimama?” inafungua mambo mengi kuliko ubishi, na mara nyingi yeye ndiye atakayekwambia dereva hutokea mlango gani. Watoto wapishwe mbele, na mtoto aombe mwenyewe. Mtu mzima anayemsukuma mtoto mbele na picha sita za kuuza hujulikana kwa haraka, na kamba nzima hukosa.

Usimsahau msoma ramani. Hili nalishikilia kwa nguvu, kwa sababu saini ya dereva peke yake kwenye picha ya rali ni nusu ya kitu. Msoma ramani anapatikana kwa urahisi zaidi, hana msafara wa wanahabari, na jina lake ndilo linaloutambulisha mwaka. Ogier alishinda Safari ya 2021 akiwa na Julien Ingrassia. Ile ya 2023 alikuwa na Vincent Landais. Rovanperä alishinda 2022 na 2024, mara zote na Jonne Halttunen, na Evans alishinda 2025 na Scott Martin. Takamoto Katsuta alimaliza wa pili 2021 akiwa na Daniel Barritt, baadaye akawa na Aaron Johnston. Ukiletewa picha ya “ushindi wa 2021” yenye saini ya Ogier na Landais, saini zote mbili zaweza kuwa za kweli, lakini watu wale wawili hawakuwa pamoja garini siku ile. Muulize muuzaji imekuwaje.

Vitu vya zamani vinahitaji jicho hilohilo. Safari ilianza 1953, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na majumba ya Dar es Salaam, Tanga na hata Unguja bado yana vitabu vya ratiba na picha za enzi zile kwenye makabati. Bert Shankland, aliyekuwa mkaazi wa Dar es Salaam, alishinda 1966 na 1967 kwa Peugeot 404. Joginder Singh alishinda 1965 kwa Volvo akiwa na ndugu yake Jaswant, kisha 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer akiwa na David Doig. Shekhar Mehta alishinda mara tano: 1973, halafu minne mfululizo 1979 hadi 1982. Colin McRae alishinda 1997, 1999 na 2002, mara zote na Nicky Grist. Mehta alifariki 2006, McRae 2007, Joginder 2013. Tarehe hizo zinafanya kazi kubwa: saini ya McRae juu ya picha iliyochapishwa kwenye karatasi yenye mwaka wa baada ya kifo chake haihitaji mtaalamu. Ila usiihukumu haraka saini ya Joginder ya kalamu ya fedha juu ya picha ya 1965. Aliishi miaka mingi baada ya ushindi ule na watu walimpelekea picha za zamani asaini uzeeni.

Kutambua saini iliyochapwa, nenda kwa sonara Mji Mkongwe umwombe lenzi yake ya kukuzia mara kumi. Saini iliyochapwa itaonekana ni vitone vilivyopangwa sawasawa na picha nyengine. Wino wa kweli ni mstari mzima, una kingo, na pale mistari miwili inapokatana utaona mmoja umepanda juu ya mwengine. Igeuze picha kwenye mwanga wa dirisha kwa upande: wino wa kweli hung'aa tofauti na karatasi. Mashine ya kutia saini nayo huandika kwa wino wa kweli, lakini unene wa mstari haubadiliki mwanzo mpaka mwisho, na mara nyingi pana kitone pale ilipoanzia na ilipoishia. Ukipata mbili za mashine moja, zilaze juu ya nyenzake kwenye kioo cha dirisha. Zikilingana kila herufi, hakuna binadamu aliyesaini. Saini ya rali ya kweli huwa mbovu kidogo, imekatika, imeinama. Iliyonyooka mno, ya mtu aliyesimama kwenye vumbi, itilie shaka.

Formula 1 ni habari nyengine, na Afrika haijaiona tangu Kyalami, Afrika Kusini, 1993. Wenye jamaa Dubai na Maskati huenda Abu Dhabi, kwenye uwanja wa Yas Marina. Kule dereva hutembea ndani ya eneo ambalo tiketi ya kawaida haifiki, kwa hiyo tegemea saa rasmi jukwaani, na siku ya Alhamisi ambapo katika baadhi ya mbio wenye tiketi huruhusiwa kutembea mbele ya gereji. Kadi zinazotumwa kwa posta na timu nyingi ni za saini ya kuchapwa. Ni kumbukumbu nzuri, basi.

Na madereva wanaokuja kupumzika Nungwi, Kendwa au Matemwe? Anayefanya kazi hotelini asimwombe mgeni saini, wala asimwambie mtu nje kwamba fulani amefika. Ni amana. Aliyekutana naye Forodhani kwa bahati, amsalimie, na akimuona yuko na mkewe na watoto mezani, amuache ale.

Sasa kuhifadhi, ambako visiwa vyetu havina huruma. Adui ni watatu: unyevu, jua na wadudu, na mara nyingi tunawaongeza wenyewe kwa kujaribu kuwafukuza.

Laminesheni ni kosa lisilorekebishika. Joto na gundi yake hutanua wino, na plastiki haitoki tena. Bahasha za plastiki laini zenye harufu ya koti la mvua nazo mbaya, kwa sababu mafuta yaliyomo huvuta wino mpaka saini inahamia kwenye bahasha. Tafuta za polipropilini, zile ngumu kidogo, zisizo na harufu, zinazolia zikikunjwa. Kitu kimoja bahasha moja, na nyuma yake kadi nyeupe isiyo na tindikali kama utaipata.

Vibahasha vyote viwekwe kwenye boksi la plastiki lenye mpira kwenye kifuniko, na lifungwe siku kavu, ya kaskazi au kipupwe. Ukilifunga siku ya mvua umefungia mvua ndani. Weka vipakiti vya silika, vile vinavyokuja kwenye viatu na kamera, na kama ni vya chembe za rangi, rangi ikibadilika vitoe uvikaushe kwenye oveni kwa kiasi cha nyuzi 120 kwa saa moja au mbili, ila chembe tu, bila mfuko wa plastiki. Mchele usiweke, unaita fukusi. Dawa za vidonge vyeupe vya kabatini zisikaribie, mvuke wake hulainisha plastiki ya visanduku vya magari ya mfano. Na karafuu pia. Najua kila nyumba ya Pemba ina karafuu kabatini na kwa nguo ni jambo jema, lakini mafuta yake hula plastiki ya aina ileile na kuacha doa la njano kwenye karatasi. Moshi wa udi una mafuta yake. Boksi litoke chumbani nguo zinapofukizwa.

Usiliweke juu ya kabati chini ya mabati, joto la mchana pale ni kubwa. Usiliweke sakafuni, mchwa na mvua. Katikati ya kabati, ukuta wa ndani wa nyumba. Nyumba za mawe na chokaa za Mji Mkongwe hunyonya unyevu na chumvi, na fremu iliyobanwa kwenye ukuta wa nje huota kuvu kwa nyuma kabla mbele hapajaonyesha kitu. Ukitaka kutundika, tundika nakala. Changanua au piga picha ile yenye saini, ichapishe, itie fremu, watu waione. Ya asili ikae gizani, kwa kuwa wino wa maka peni hufifia kwa mwanga hata usio wa jua moja kwa moja. Asiyeweza kukubali hilo, basi aweke karatasi ya pembeni ili kioo kisiguse picha, na vipande viwili vya kizibo nyuma ya fremu ili hewa ipite kama sentimita moja.

Kwenye kadi ya nyuma, si kwenye picha, andika kwa penseli: nani alisaini, wapi, siku gani, kalamu ya aina gani. Fungua boksi baada ya masika na baada ya vuli. Ukiona vitone vya kijivu vya kuvu, usivifute vikiwa vibichi, vitasambaa. Toa picha, iache chumba kikavu chenye hewa, mbali na nyengine, mpaka vikauke kabisa, kisha vipanguse nje ya nyumba kwa brashi laini ukielekea ukingoni, usipite juu ya saini. Bahasha ile itupe, na boksi zima ulifute kwa spiriti kabla hujarudisha chochote.